DAWA YA MAJI IPIMWE, ISIKISIWE



Mkutano Mkuu wa Kijiji unakaribia, na ajenda mojawapo ni fedha za kununulia dawa ya maji kabla ya masika. Maneno yamekwisha kuanza. Wako wanaosema fedha hizo ni nyingi, zipunguzwe. Wako wanaosema dawa yenyewe ipunguzwe maana maji yananuka. Na wako wanaosema tungoje kwanza mvua inyeshe, ndipo tujue tununue kiasi gani. Mimi Katibu wa Chama katika tawi hili naona ni wajibu wangu kutoa maoni hapa ukutani, ili kila mmoja asome au asomewe, na siku ya mkutano tubishane kwa hoja, siyo kwa kelele.

Maoni yangu kwa ufupi ni haya: dawa ya maji haiwekwi kwa kukisia, wala kwa mazoea, wala kwa kufuata anayelalamika sana. Huwekwa kwa kipimo, na kipimo hutokana na maji ya siku ile. Na dawa ya masika haingojwi wakati wa masika. Hukadiriwa mapema, kwa kutumia kumbukumbu zetu wenyewe.

KAZI YA SHABU NA KAZI YA KLORINI

Kwanza tuelewane, maana wengi wetu tunasema "dawa" kama vile ni dawa moja. Kwenye mtambo wetu dawa ni mbili na kila moja ina kazi yake.

Shabu kazi yake ni kutuliza tope. Maji ya mto yana chembe ndogo mno za udongo. Ukiyaacha kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi mchanga umeshuka chini lakini maji bado yana rangi ya chai ya maziwa. Kwa nini? Kwa sababu zile chembe zina umeme wa aina moja na zinasukumana, kila moja inamkimbia mwenzake. Shabu inauvunja ule umeme, chembe zinashikana, zinakuwa madonge, madonge yanakuwa mazito na kuzama. Wazee wetu waliliona jambo hili katika mbegu za mlonge, na akina mama wa Sudan kando ya Mto Nile wametumia mbegu hizo kusafishia maji kwa miaka mingi.

Klorini kazi yake ni kuua vijidudu. Lakini klorini ikikuta maji yana tope haifanyi kazi sawasawa, maana inaliwa kwanza na uchafu, na vijidudu vingine vinajificha ndani ya chembe za udongo. Ndiyo maana shabu inatangulia, chujio la mchanga linafuata, klorini inakuja mwisho. Ukikosea hatua ya kwanza umeharibu zote. Na maji kuwa meupe siyo ushahidi kwamba ni salama. Meupe bila klorini bado yanaweza kuua.

KOPO MOJA KWA MAJIRA YOTE

Sasa jamani, tuseme ukweli. Mtambo wetu kwa muda mrefu umeendeshwa kwa kopo. Kopo moja la shabu, kama kilo moja, kwa kila tangi la lita 50,000. Kiangazi kopo moja, vuli kopo moja, masika kopo moja. Simlaumu mwendesha mtambo. Ndivyo alivyoelekezwa na hakupewa njia nyingine. Lakini hivi, ni mama gani hapa kijijini anayetia chumvi ya kiasi kimoja kwenye sufuria ya watu wanne na kwenye sufuria ya msiba?

Mto wa Agosti siyo mto wa Aprili. Agosti maji yanapita taratibu, unaona mawe chini. Aprili mto unabeba udongo wa mashamba, majivu, samadi na kila kilichoachwa porini. Na mvua za kwanza ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu zinafagia uchafu uliokusanyika kiangazi kizima.

Matokeo yake ni kwamba kopo moja linatudhuru pande zote mbili. Kiangazi huenda tunatupa shabu bure. Na shabu ikizidi nayo ni hasara: maji yanakuwa makali, yanakula mabomba, na ikizidi mno tope linaweza kurudi kuelea badala ya kutuama. Masika kopo halitoshi, tope linaziba chujio, klorini inaliwa yote, na maji yanafika kwenye vituo vya kuchotea bila kinga yoyote. Vuli iliyopita mliona wenyewe. Shabu iliisha katikati ya mvua, mtambo ukafungwa, akina mama wakarudi mtoni na ndoo. Baada ya hapo benchi la zahanati lilijaa watoto wa kuhara. Hamna haja ya kuniuliza mimi, waulizeni waliolala nao pale.

KUPIMA SIYO KAZI YA WATAALAMU TU

Wengine wanasema kupima ni mambo ya maabara, sisi wa jembe hatuwezi. Hiyo ni kasumba. Mwaka 1973 nchi hii ilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Wakulima walikaa kwenye vikundi na redio, wakajifunza, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima kwa mikono yao. Na sisi tuliosoma elimu ya ukubwani tulifundishwa hesabu ili tuzitumie kwenye maisha, siyo ili tupewe vyeti.

Njia ya kupima shabu ni hii, na ndiyo ile ile inayotumika kwenye mitambo ya miji, ila wao wana vyombo vizuri zaidi:

1. Chukua gramu 10 za shabu, yeyusha katika lita moja ya maji safi. Itengenezwe upya kila siku ya kupima.

2. Panga vyombo sita vinavyoonyesha ndani, kila kimoja kiwe na lita moja ya maji ya mto ya asubuhi ile.

3. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, weka mililita 1 ya ile shabu kwenye chombo cha kwanza, 2 kwenye cha pili, 3 kwenye cha tatu, na kuendelea. Tope likiwa zito sana anzia 3 na upande hadi 8.

4. Koroga haraka kwa dakika moja, kisha koroga polepole kwa dakika 15. Hapo utaona madonge yanajiunda kama maziwa yanavyoganda. Acha yatulie dakika 30.

5. Tazama. Chombo chenye shabu kidogo kuliko vyote, lakini maji yake yametakata, ndicho kipimo cha siku.

Sasa hesabu. Mililita moja ya ile dawa ina miligramu 10 za shabu. Tangi letu ni lita 50,000. Miligramu 10 mara lita 50,000 ni gramu 500, yaani nusu kilo. Kwa hiyo kila mililita moja kwenye chombo ni nusu kilo kwenye tangi. Chombo cha pili kikishinda, tia kilo moja. Cha nne kikishinda, tia kilo mbili. Hesabu hii mtu wa kisomo anaiweza bila kuazima kalamu ya mwalimu.

Kwa upande wa klorini, Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba baada ya kukaa na maji kwa dakika 30, ibaki klorini ya angalau miligramu 0.5 kwa lita, na mahali watu wanapochotea isipungue 0.2. Neno muhimu hapo ni "ibaki". Haitoshi kujua umetia kiasi gani, lazima ujue imebaki kiasi gani baada ya uchafu kula sehemu yake. Kifaa cha kupimia ni kidogo: unatia kidonge kwenye maji, yanageuka rangi ya waridi, unalinganisha na rangi za kwenye kifaa. Tena unga wa klorini hupoteza nguvu ukikaa vibaya. Ukitaka miligramu 2 kwa lita kwenye tangi letu, unahitaji gramu 100 za klorini yenyewe. Unga wenye nguvu ya 65 kwa 100 utatia kama gramu 154. Unga ule ule ukishachakaa ukabaki na 40 kwa 100, unatakiwa gramu 250. Mtu wa kopo hawezi kulijua hilo.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maji nayo ni mali.

Napendekeza liwepo daftari la mtambo, na kila siku uandikwe mstari mmoja: tarehe, mvua iliyonyesha, hali ya tope la mto, kipimo cha shabu kilichoshinda, kilo zilizotiwa, klorini iliyobaki, na jina la aliyepima. Kwa tope, kama hatuna kifaa, weka chupa nyeupe ya maji juu ya gazeti na uchungulie kutoka mdomoni: herufi zinasomeka, zinaonekana kwa shida, au hazionekani kabisa. Madaraja matatu yanatosha kuanzia.

Faida yake? Baada ya msimu mmoja daftari linaanza kusema lenyewe. Litatuambia mvua ya kiasi gani kule juu inaleta tope la namna gani hapa, na baada ya saa ngapi. Leo kila mtu ana simu. Ndugu zetu wa kijiji cha juu ya mto wakipiga saa mbili usiku kwamba kwao imenyesha kubwa, mwendesha mtambo anajaza tangi usiku ule ule kabla tope halijafika, na asubuhi anaandaa vyombo vyake vya kupimia. Huko ndiko kutabiri, ndugu zangu. Siyo uganga.

Na daftari ndilo litakalotuambia tununue kiasi gani. Chukueni mfano. Tuseme masika yana siku 90. Siku 30 tope ni dogo, kilo moja kwa tangi: kilo 30. Siku 40 tope ni la kati, kilo mbili: kilo 80. Siku 20 mto umechafuka kabisa, kilo nne: kilo 80. Jumla ni kilo 190. Hiyo ni mifuko minne ya kilo 50, na mmoja wa akiba unakuwa mitano. Mtu wa kopo yeye atanunua kilo 90, na atashangaa kwa nini maji ni tope. Mfano huu ni wa kuonyesha hesabu tu. Tarakimu za kweli zitatoka kwenye daftari letu.

Siku hizi mitambo ya miji mikubwa duniani ina kompyuta zinazokadiria kipimo cha shabu kwa kuangalia tope, joto la maji na ukali wake. Lakini kompyuta hizo zimefundishwa na nini? Zimefundishwa na kumbukumbu za miaka mingi zilizoandikwa na waendesha mitambo. Pasipo kumbukumbu, kompyuta ni sanduku tu. Kwa hiyo tusidhani tuko mbali sana. Kazi ni ile ile.

WENZETU WALIOPUUZA

Asije mtu akasema Katibu anatutisha. Nitaeleza yaliyotokea katika nchi tajiri, zenye mitambo ya kila aina.

Mwaka 1993 huko Milwaukee, Marekani, maji ya ziwa yalichafuka na mtambo mmoja ukashindwa kulinganisha dawa ya kutuliza tope na hali ya maji. Kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu kikapita hadi mabombani. Kijidudu hicho hakifi kwa klorini ya kawaida, kinatakiwa kutuamishwa na kuchujwa. Inakadiriwa watu 400,000 waliugua kuhara. Hiyo ndiyo thamani ya shabu kuwekwa kwa kipimo.

Mwezi Mei mwaka 2000, mji mdogo wa Walkerton huko Kanada, wenye watu wasiofika 5,000 na mashamba pembeni kama sisi, ulipata mvua kubwa. Mvua ikapeleka vijidudu vya samadi kwenye kisima cha mji. Waendesha mtambo walikuwa na mazoea ya kutia klorini pungufu, na kwenye daftari walikuwa wakiandika vipimo ambavyo hawakuvipima. Watu 7 walikufa na kama 2,300 waliugua. Tume ya Jaji Dennis O'Connor iliyochunguza jambo lile ilieleza pia kwamba baadhi ya wenyeji walikuwa wakishinikiza klorini ipunguzwe. Mnasikia? Maneno yale yale yanayosemwa hapa kwetu.

Kwa hiyo daftari la uongo ni baya kuliko kukosa daftari. Asiyekuwa na daftari anajua kwamba hajui. Mwenye daftari la uongo anajidanganya na kuwadanganya wenzake.

Na hapa kwetu Tanzania hatujasahau kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kikasambaa mikoani, watu zaidi ya 20,000 wakaugua.

KUHUSU HARUFU NA GHARAMA

Wanaolalamikia harufu siwadharau. Harufu kali inaweza kuwa dalili kwamba dawa imezidi. Lakini mara nyingine inatokana na klorini kukutana na uchafu mwingi, na hapo dawa imepungua, haikuzidi. Pua haiwezi kutofautisha. Kipimo kinaweza. Tope likipungua, klorini inayohitajika inapungua, na harufu itapungua pamoja nayo. Na anayetaka harufu itoke, achote maji, ayaache kwenye chombo safi chenye kifuniko kilicholegea kwa muda kabla ya kunywa.

Wanaolalamikia gharama nao nawaelewa, bei ya mazao mnaijua. Lakini nani amepiga hesabu ya siku za kulima zilizopotea kumuuguza mtoto? Nani amehesabu nauli ya hospitali ya wilaya? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na dawa inayonunuliwa kwa haraka, barabara ikiwa imekatika, haijawahi kuwa rahisi.

Iko njia nyingine ya kupunguza gharama, nayo haihitaji fedha. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Hapa kwetu mahindi yanalimwa mpaka ukingoni, na ng'ombe wanaingia majini juu ya chanzo. Udongo wa shamba lako ndiyo shabu tunayonunua. Ukilinda ukingo umenunua mifuko miwili bila kutoa shilingi.

Jambo la ghala lisisahauliwe. Ghala la ushirika lina mbolea, dawa za mimea na mafuta. Klorini isikae humo hata siku moja, maana ikikutana na mafuta au mbolea inaweza kuwaka. Shabu nayo iwe na alama yake na chumba chake. Mwezi Julai 1988 huko Camelford, Uingereza, dereva alimimina tani 20 za dawa ya jamii ya shabu kwenye tangi lisilolengwa, na maji ya watu kama 20,000 yakaharibika. Kosa la tangi tu.

MAPENDEKEZO KWA MKUTANO MKUU

Basi ndugu zangu, nawaomba siku ya mkutano tukubaliane mambo haya:

1. Fedha za dawa ya masika zisipunguzwe. Ushirika ukopeshe jumuiya ya watumia maji sasa hivi, mkopo urudishwe kutokana na ada za maji, na shabu iwe kijijini kabla ya Machi.

2. Kopo liachwe. Kipimo cha vyombo sita kifanywe mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi, na kila asubuhi ambayo mto umebadilika rangi.

3. Wachaguliwe watu wawili wa kumsaidia mwendesha mtambo kupima na kuandika, mmoja awe mwanamke, kwa sababu akina mama ndio wanaoyajua maji haya kuliko sisi. Mwendesha mtambo naye alipwe kwa wakati. Mtu asiyelipwa hatapima, ataandika tu.

4. Tumwombe mtaalamu wa RUWASA wilayani aje kutufundisha, alete na kifaa cha kupimia klorini.

5. Daftari lisomwe mbele ya wananchi kila mwezi, kama tunavyosoma hesabu za ushirika. Asiyeona sawa aulize.

Mwaka 1971 nchi hii ilipanga kwamba ndani ya miaka 20 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi karibu na nyumba yake. Lengo lile halikutimia kwa wakati, na sababu mojawapo ni kwamba mitambo ilijengwa ikakosa wa kuitunza. Sisi bomba tunalo. Tusije tukawa watu wa kunywa tope mbele ya mtambo.

Mwenye maoni tofauti aandike, nafasi ya chini ya ubao huu nimemwachia.

Katibu wa Chama, Tawi